Mazombi katika kompyuta: saa za mtoto zinakwenda wapi?

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Kijana amesimama nyuma ya boma, ana bastola mkononi, na usiku umeingia. Kutoka gizani wanatokea watu wanaokokota miguu, nguo zimewachanika, macho hayana uhai. Wakilifikia boma wataanza kulibomoa, na likianguka kijana ameliwa. Kukipambazuka naye yu hai, amevuka usiku mmoja na unaofuata unamngoja. Hakuna cha kununua wala cha kupakia kwenye mashine. Mtoto anafungua kivinjari, kile kile anachotumia kutafutia kazi za shule, anaandika jina la mchezo, na kabla ya dakika moja kupita yumo ndani ya mji uliojaa wafu wanaotembea.

Michezo ya aina hii ni mingi, na wazazi wengi hukutana nayo kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama nyuma ya kiti cha mtoto. Wanachokiona ni damu na maiti. Ni haki yao kushituka. Mimi nimeifahamu michezo hii kwanza nikiwa mwanafunzi wa chuo, na sasa naifuatilia kwa kuwa nina dhamana ya chumba cha kompyuta cha madrasa yetu. Rai niliyoifikia, ambayo naiweka mbele ya wazazi wenzangu waipime, ni kwamba jambo la kwanza la kuchunguza katika mchezo wa mazombi ni namna unavyozitumia saa za mchezaji. Damu huonekana mara moja, na mzazi yeyote ana macho ya kuiona. Saa zinahitaji mtu akae kitako na kutazama.

Jina lililoleta taharuki

Tuanze na jina, maana jina ndilo lililozusha maneno mtaani kwetu. Watoto wanapozungumza wao kwa wao hulitafsiri neno zombi kwa neno walilolikuta nyumbani: msukule. Sasa fikiri, ndugu msomaji, mzee wa miaka sabini ametoka kuswali Alasiri, anapita dirishani, anamsikia mjukuu wake akisema kwa furaha kwamba ameua misukule arobaini. Mzee huyo hajasikia habari ya mchezo. Amesikia habari ya uchawi.

Msukule, katika imani iliyoenea sehemu nyingi za bara, ni mtu aliyedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa na wachawi, amenyang'anywa akili na kauli, anafichwa mchana na kutumikishwa mashambani usiku. Imani za uchawi si jambo la kufanyia mzaha katika nchi hii. Vikongwe wameuawa Kanda ya Ziwa kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Mzee anayekemea neno hilo lisitamkwe ovyo na watoto ana sababu zake.

La kustaajabisha ni kwamba watoto, bila kujua, wamepatia katika tafsiri yao. Zombi wa asili ni ndugu kabisa wa msukule. Neno hilo lilitoka Haiti, kisiwani katika bahari ya Karibi, nchi iliyokuwa koloni la Ufaransa likiitwa Saint-Domingue. Huko mamia ya maelfu ya Waafrika walifanywa watumwa katika mashamba ya miwa, na wengi wao walitolewa nchi za Kongo. Wataalamu wa lugha wanalihusisha neno zombi na maneno ya Kikongo kama nzambi, lenye maana ya Mungu au roho. Kwa hiyo neno hili ni la ukoo wa lugha zetu za Kibantu. Lilivuka bahari likiwa katika minyororo na limeturudia kwa njia ya intaneti.

Na hofu iliyokuwa ndani ya neno hilo ilikuwa hofu ya mtumwa. Mtu anayechapwa viboko shambani kuanzia alfajiri hadi usiku alikuwa na tumaini moja, kwamba siku atakayokufa atapumzika. Zombi ni yule aliyenyimwa hata hilo: amekufa, na bado anainuliwa kaburini arudi shambani, hana utashi, hana jina, anafanya kazi tu. Watumwa wale walianza mapinduzi mwaka 1791 na wakatangaza uhuru wao tarehe 1 Januari 1804. Hofu ya zombi ilibaki kwa wajukuu wao, watu huru waliokuwa wakikumbuka.

Wamarekani waliipokea habari hiyo kupitia kitabu cha msafiri William Seabrook kilichotoka mwaka 1929, na miaka mitatu baadaye ikatolewa filamu iitwayo White Zombie. Katika filamu hiyo zombi bado ni mtumwa wa kiwandani. Anayekula watu alikuja mwaka 1968, katika filamu ya George Romero, Night of the Living Dead. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shambani, wafu wameizunguka, wao wanapigilia mbao milangoni na huku wanagombana wabaki ghorofa ya chini au washuke katika chumba cha chini ya ardhi. Ugomvi wao ndio unaowamaliza kuliko wafu. Boma analolilinda kijana katika mchezo wa leo ni mlango wa nyumba ile.

Katika filamu hiyo wale wafu hawaitwi mazombi. Wanaitwa kwa neno la Kiingereza lililotoholewa kutoka Kiarabu, ghuli, yule zimwi wa jangwani aliyedaiwa na Waarabu wa zama za ujahilia kuwa anawapoteza wasafiri njia na kuwala. Wasomaji waliopita katika masomo ya hadithi watakumbuka kwamba katika Sahih Muslim imo riwaya ya Jabir inayoikanusha imani ya ghuli. Nilipomweleza haya mjumbe mmoja mzee wa kamati yetu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, wanachokipiga risasi ni kitu tulichokwisha kuambiwa hakipo." Ndivyo, Mzee wangu.

Mchana wa kugawana

Mchezo niliouona ukipendwa zaidi na vijana wetu ni The Last Stand. Ulitoka mwaka 2007, kazi ya mtengenezaji wa Australia anayejulikana kwa jina la Con Artist, yaani ni mchezo wenye umri mkubwa kuliko watoto wanaoucheza. Ulitengenezwa kwa programu ya Flash, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba karibu michezo yote midogo ya kivinjari. Kampuni ya Adobe ilitangaza Julai 2017 kwamba Flash itakoma, ikaacha kuitunza mwishoni mwa 2020, na tangu tarehe 12 Januari 2021 ikaizuia isifanye kazi kabisa. Maelfu ya michezo yangekufa siku hiyo. Watu wa kujitolea wakaikusanya katika hifadhi iitwayo Flashpoint, na wengine wakatengeneza programu iitwayo Ruffle inayoiwezesha kufunguka tena katika kivinjari cha leo. Hivyo ndivyo mtoto wa mwaka 2012 anavyocheza mchezo wa kaka yake mkubwa.

Nilikaa nyuma ya watoto wawili, ndugu wa baba mmoja, nikawatazama. Usiku wa mchezo haukunishughulisha sana. Ni kulenga na kupiga, na mikono ya watoto ina wepesi ambao sisi watu wazima tumekwisha kuuaga. Kilichonivutia ni mchana. Kila kunapokucha, mchezo hukuuliza utazigawaje saa zako kabla ya giza. Unaweza kulitengeneza boma lililobomoka, au kutafuta manusura wengine, au kutafuta silaha. Saa hazitoshi kwa yote matatu. Aliyezimalizia kwenye silaha atakuwa na bunduki nzuri nyuma ya boma lililotoboka, na aliyezimalizia kwenye boma atabaki peke yake na bastola yake ndogo. Manusura akipatikana, atasimama nawe bomani usiku.

"Kaka, boma limebaki nusu," alisema mdogo.

"Nimeona. Tutafute mtu kwanza."

"Mtu atakuja kusimama wapi, boma likianguka?"

Mkubwa alifikiri, kisha akazigawa saa: nyingi kwenye boma, chache kwa kutafuta watu. Wakavuka usiku ule. Sitaki kuukuza mchezo kupita kiasi. Madrasa haifundishi kugawa saa kwa njia ya mazombi. Hata hivyo mazungumzo yale ya watoto wawili juu ya kipi kitangulie hayakuwa ya kipuuzi. Hata serikali imewahi kuliona hilo. Mei 2011, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa mwongozo wa kujiandaa na mazombi. Ulikuwa mzaha, ila orodha ya vitu vya kuweka nyumbani ilikuwa ya kweli: maji, chakula, dawa, mahali pa kukutania familia ikitawanyika. Watu ambao wasingesoma tangazo la tahadhari ya kimbunga walisoma lile.

Na mchezo huo una mwisho. Baada ya siku 20 msaada unafika, hadithi imekwisha, mtoto anainuka kitini. Naomba msomaji alishike hilo.

Mji wa Malton

Mchezo ninaoujua vizuri zaidi haupo tena. Uliitwa Urban Dead, ulianzishwa Julai 2005 na Mwingereza Kevan Davis, na ulichezwa na watu wengi kwa pamoja kutoka pande zote za dunia. Haukuwa na picha za kutisha. Haukuwa na picha karibu kabisa. Ulikuwa maandishi na miraba ya rangi inayowakilisha mitaa ya mji wa kubuni uitwao Malton, uliozingirwa na jeshi baada ya maradhi kuzuka. Mji huo ulikuwa na vitongoji 100, na kila kitongoji miraba 100: hospitali, vituo vya polisi, shule, makanisa, makaburi, maduka makubwa.

Mchezaji alipewa pointi 50 za kutenda. Hatua moja ni pointi moja. Kumtibu mtu aliyejeruhiwa, pointi moja. Kupekua hospitali kutafuta dawa, pointi moja, na mara nyingi hupati kitu. Zikiisha, zimeisha, pointi moja ilirudi kila nusu saa, kwa hiyo aliyezimaliza zote alihitaji saa 25 kuzipata tena. Jambo lenyewe lilikuwa hivi: ukiondoka, mtu wako hakuondoka. Alibaki amelala pale ulipomwacha, na mji uliendelea bila wewe. Kwa hiyo pointi za mwisho hazikuwa za kupigania. Zilikuwa za kutafuta jengo lenye vizuizi imara mlangoni, uingie, ulale, na kuwaamini watu usiowajua kwamba wataendelea kuvitengeneza.

Nilikuwa chuoni wakati huo, na intaneti tuliilipia kwa nusu saa katika duka la mjini. Pointi zangu zilikwisha ndani ya dakika kumi hivi. Dakika ishirini zilizobaki niliandika utafiti wangu wa mirathi, na sikuwa na namna ya kufanya vingine, maana mchezo wenyewe ulikuwa umenifungia mlango mpaka kesho. Hata leo sijaona mchezo mwingine uliomheshimu mtu mwenye kazi nyingine kwa kiasi hicho.

Katika mji ule aliyeuawa hakutoka mchezoni. Aliinuka akiwa zombi, akaendelea akiwa upande wa pili. Mazombi wote walikuwa watu kama wewe, wengine waliofikwa, wengine waliochagua kuwa hivyo. Zombi aliyejifunza kusema alipewa herufi chache tu za kutamkia, kama a, b, g, h, m, n, r na z, na humo watu wakaunda lugha nzima ya miguno. Zombi aliyetaka kurudi kuwa mtu alikwenda kusimama makaburini na kusema "Mrh?" kwa sauti ya kuuliza. Huo ulikuwa mwito wa kuomba sindano ya kumrejesha, na makaburini mara nyingi palikuwa na foleni. Wachezaji wengine walifanya kazi hiyo tu: kutafuta sindano, kwenda makaburini, kumrejesha mtu wasiyemjua, kurudi kulala. Hakuna aliyewalipa.

Mchezo usio na alfajiri

Sasa tuwageukie watoto wetu na michezo wanayoipata leo. Ile inayochipuka zaidi katika vivinjari ni ya wengi kwa pamoja, wakati ule ule, na majina yake mengi huishia kwa nukta na herufi io. Mfano wa mazombi ni ZOMBS.io: wewe na wenzako mnakata miti, mnapasua mawe, mnajenga boma kulizunguka hazina yenu, na kila usiku mazombi wanakuja, wakali zaidi kuliko wa jana. (Kwa anayependa kujua, io ni alama ya intaneti ya visiwa vya Chagos, katika bahari yetu hii ya Hindi, ambavyo Waingereza wanaviita eneo lao la Bahari ya Hindi. Wenyeji wake walihamishwa kwa nguvu kati ya 1968 na 1973, wakapelekwa Mauritius na Shelisheli. Mtoto anayeandika herufi mbili hizo anaandika jina la nchi iliyofukuziwa watu wake.)

Tofauti na michezo niliyoitaja kabla ni kubwa. Hapa hakuna siku ya 20, na hakuna pointi zinazokwisha. Boma ulilolijenga kwa saa nzima linakushikilia, kwa kuwa ukiondoka linaangushwa. Wenzako watatu, huenda mmoja yuko Mombasa na mwingine Toronto, wanakutegemea. Na mchezo wa wakati ule ule hauwezi kusimamishwa kwa dakika tano. Adhana ya Magharibi inapoingia, mtoto huyu hachezi tena na mashine. Ana ahadi na watu.

Baba anayechomoa waya wakati huo anadhani amemtoa mtoto katika upuuzi. Mtoto anaona ameaibishwa mbele ya wenzake. Nimeziona nyumba ambazo kijana na baba hawakusalimiana wiki nzima kwa sababu ya waya mmoja, na katika wiki hiyo kijana aliacha hata kuja msikitini, ambako ndiko baba alikokuwa akimtaka awe. Swali la kuuliza ni dogo na huulizwa kabla mchezo haujaanza: "Mwanangu, huu unasimama?" Kama unasimama, hakuna shida, adhana itausimamisha. Kama hausimami, aangalie saa: zimebaki dakika ngapi kufikia Magharibi, na raundi moja inachukua dakika ngapi? Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza hesabu hiyo, na akizoea kuifanya mwenyewe, mzazi hana haja ya kusogelea waya.

Wapo watoto ambao hali zao zimevuka hapo. Shirika la Afya Duniani liliingiza maradhi ya kucheza michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Halihesabu saa. Linatazama mambo matatu: mtu kushindwa kujizuia, mchezo kutangulizwa mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea nao ijapokuwa madhara yanaonekana, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Mtoto aliyechelewa chakula cha jioni mara mbili hayumo humo. Aliyeacha shule, aliyeacha kuoga, anayepokea simu ya mama yake kwa ukali kila siku kwa mwaka mzima, huyo apelekwe kwa daktari, asipelekwe kwa mganga. Wala mtu asimwambie mama huyo kwamba mwanawe amechukuliwa msukule.

Kufunga mlango

Mwaka huu kamati yetu ilipokea pendekezo la kukifunga chumba cha kompyuta. Tuna mashine tano, zote za msaada, na baada ya darasa zilikuwa zikitumika kwa mazombi. Waliopendekeza hawakuwa watu wa hasira. Walisema fedha za waumini zinalipia umeme, na madrasa ina jina lake la kulinda. Nami nikiwa katibu nilitakiwa kutoa maelezo.

Niliwaeleza habari ya Malton. Uingereza ilipitisha mwaka 2023 sheria ya usalama mtandaoni, na lengo lake ni jema, kuwalinda watoto na madhara ya intaneti. Sheria hiyo iliweka wajibu mzito na faini kubwa kwa wenye tovuti ambazo watu huwasiliana humo. Kampuni kubwa zina wanasheria wa kuzijazia fomu. Mtu mmoja mwenye mchezo wa bure wa maandishi hana. Tarehe 14 Machi 2025, baada ya karibu miaka 20, Kevan Davis aliuzima mji wa Malton, akaitaja sheria hiyo kuwa sababu. Mchezo uliokuwa ukimrudisha mchezaji kwenye kazi zake baada ya dakika kumi ukaondoka, na ile isiyo na mwisho ikabaki.

Hoja yangu kwa wajumbe ilikuwa kwamba tukikifunga chumba, watoto wetu hawatarudi nyumbani kuhifadhi juzuu. Watavuka barabara kwenda kibanda cha gemu, ambako mchezo hulipiwa, mlango una pazia, na kwenye kona ya nyuma zimekaa mashine za kamari. Tulibishana vikao viwili. Hatimaye chumba kilibaki wazi kwa masharti: baada ya Alasiri mpaka nusu saa kabla ya Magharibi, watoto wawili kwa kila mashine, asikae mmoja peke yake, vioo vyote vigeuzwe viutazame mlango, na mchezo uwe ni wa kusimama au wa kwisha. Tuliweka pia programu ya kuzuia matangazo, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililokuwa la haraka kuliko yote. Kurasa za michezo ya bure zinaishi kwa matangazo, na nilipoufungua mchezo wenyewe kwa mara ya kwanza kwenye mashine yetu, pembeni ya boma palikuwa na tangazo la kubeti lenye kitufe kinachomezameza. Mazombi walikuwa wa kubuni. Tangazo lilikuwa la kweli.

Mjumbe mzee niliyemtaja huja siku za Alhamisi na kukaa na watoto. Wanamwita Babu. Kwanza alikuwa akisinzia. Sasa anauliza kwa nini fulani hakulitengeneza boma.

Nyumbani, ambako hakuna kompyuta na kivinjari ni kile cha simu ya mama, mambo ni magumu zaidi. Simu ni ndogo, mtoto anaingia nayo chini ya shuka, na hakuna anayemwona. Apewe akiwa sebuleni, sauti ikiwa wazi, na bando lisiwekwe la usiku kucha. Sehemu ya kuandikiana na wageni katika michezo ya wengi izimwe kama inazimika. Kama haizimiki, basi mtoto mdogo asiuingie mchezo huo, na hapo sioni haja ya majadiliano marefu.

Kuna kundi moja ambalo mara nyingi husahaulika: wadogo zao. Kaka wa miaka kumi na nne anajua kwamba zile ni picha. Dada yake wa miaka sita, aliyekuwa akichungulia begani mwake, hajui, na usiku ndiye anayekataa kwenda chooni peke yake. Kwake yeye hata mchezo unaokwisha haufai kuonwa. Na kaka akimtisha kwa kumwambia kwamba misukule imo nyuma ya pipa la maji, kosa hilo ni la kaka, mchezo usisingiziwe.

Wale wakubwa niliwasimulia asili ya neno zombi, kama nilivyoieleza hapa. Wengi walirudi kwenye boma lao. Kijana mmoja wa darasa la juu alifungua ramani, akaitafuta Haiti, akapima kwa kidole umbali mpaka mdomo wa mto Kongo, kisha akauliza kama katika watumwa wale walikuwamo Waislamu. Nilimwambia walikuwamo, hasa katika waliotolewa Senegambia, na baadhi yao walijua kusoma na kuandika Kiarabu. Akauliza waliwezaje kuswali shambani, na nani aliwaambia kwamba wakati umeingia. Wenzake wawili wakaacha kucheza wamsikilize. Tulikuwa na dakika kumi kabla ya kufunga chumba, tukazitumia hapo.